Raha ya Kuogopa: Nunda, Mumiani na Filamu za Kutisha

Mwalimu yeyote wa fasihi analijua jambo hili. Darasa linaloshindwa kumaliza riwaya ya kurasa mia na ishirini kwa muhula mzima halishindwi kukesha likitazama filamu ya kutisha, kisha likaogopa kwenda msalani peke yake. Waulize wanafunzi hao kama waliogopa, watakuambia waliogopa sana. Waulize kama watatazama tena, watakuambia hata leo usiku. Aghalabu sisi walimu huwajibu kwa kuwakemea. Husema kwamba huo ni upuuzi, kwamba ni fasihi pendwa isiyo na uzito, na kwamba afadhali wangesoma vitabu vilivyoteuliwa.

Makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo kwa jicho jingine. Tunauliza maswali mawili. Kwanza, raha iliyomo katika kuogopa inatoka wapi? Pili, kwa nini kisa kimoja cha kutisha humwacha msomaji akiwa ameerevuka, na kingine humwacha akitafuta jirani wa kumshuku? Swali la pili ndilo zito zaidi, kwa sababu katika eneo letu hili watu wamewahi kuuawa kwa ajili ya hadithi.

Hofu, karaha na taharuki

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina msamiati mpana wa hali hii. Woga ni tabia ya mtu: tunasema fulani ni mwoga hata akiwa amelala usingizi. Hofu humjia mtu kwa sababu maalumu na huondoka sababu hiyo ikiondoka. Fadhaa humvuruga mtu akili, na kihoro humkaa moyoni baada ya msiba au hasara. Karaha si hofu hata kidogo, bali ni kule kuchukizwa na kitu kama usaha au mzoga, lakini watengenezaji wengi wa filamu huichanganya na hofu, wakadhani kwamba ndoo ya damu inatosha kumtisha mtazamaji.

Halafu kuna taharuki, neno ambalo wahakiki wetu wamelipa kazi maalumu. Asili yake ni Kiarabu, na lina mzizi mmoja na haraka na harakati. Katika uhakiki tunalitumia kwa ile hamu ya msomaji kutaka kujua litakalotokea, hamu inayomfanya afungue ukurasa unaofuata. Hofu humfanya mtu akimbie. Taharuki humfanya abaki. Kisa cha kutisha kilichotungwa vizuri hufanya yote mawili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo raha yake ilipo. Mtazamaji hufunika uso kwa viganja, lakini huacha nafasi katikati ya vidole.

Wanafalsafa wameshughulika na jambo hili tangu zamani. Aristotle aliona kwamba tanzia huamsha huruma na hofu, na kwamba kuna faida katika kuamshwa huko. Edmund Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1757, alieleza kwamba hatari ikitukaribia mno hutuumiza tu, lakini ikiwa mbali kidogo inaweza kutupendeza. Noël Carroll, mwanafalsafa wa Marekani, alitoa hoja mpya mwaka 1990 katika kitabu kiitwacho The Philosophy of Horror. Kwake yeye, dubwana la hadithi hutisha kwa sababu ni la hatari na pia kwa sababu linavunja mipaka ya aina za vitu: si hai wala si maiti, si mtu wala si mnyama. Raha tunayoipata, anasema Carroll, ni raha ya udadisi. Tunataka kugundua dubwana hilo ni kitu gani, na tunakubali kuogopa kama malipo ya ugunduzi huo.

Hoja hiyo ni nzuri, lakini tukiipeleka katika hadithi zetu wenyewe tutaona kwamba haitoshi.

Paka wa Sultani

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mjini London hadithi alizozikusanya Unguja, katika kitabu kiitwacho Swahili Tales. Mojawapo ni hadithi ya Sultani Majinuni, ambayo wengi tunaikumbuka kwa jina la nunda mla watu. Sultani ana paka. Paka anakamata ndama. Watu wanakwenda kumshtaki kwa Sultani, naye anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake pia. Paka anakamata mbuzi, anakamata ng'ombe, anapanda ngazi kutoka mnyama mdogo hadi mkubwa, na kila mara jibu la Sultani ni lile lile. Hata paka anapoanza kula watu, jibu halibadiliki. Mpaka siku moja paka huyo, ambaye sasa amekwisha kuhamia porini, anawaua watoto watatu wa Sultani. Hapo ndipo Sultani anapokiri kwamba huyu si paka, ni nunda.

Kwa kipimo cha Carroll, nunda anafaa kabisa kuwa dubwana. Ni paka na si paka. Lakini je, udadisi uko wapi? Hadhira inajua tangu ndama wa kwanza kwamba mnyama huyu ni balaa. Watu wa mjini wanajua, na watoto wanaosikiliza hadithi wanajua. Asiyejua ni mmoja tu, naye ndiye mwenye uwezo wa kumzuia. Taharuki ya hadithi hii, basi, haitokani na kutaka kujua nunda ni kitu gani. Inatokana na kungoja mwenye mamlaka akiri kile ambacho kila mtu anakiona. Kila mnyama anayeliwa anaongeza swali moja: mpaka nini kiliwe ndipo huyu bwana asadiki?

Hapa hofu imewekwa mahali pake. Meno ya nunda yanatisha, lakini jibu la Sultani linatisha zaidi, kwa kuwa linaonyesha kwamba kwake yeye raia na mifugo ni mali ya mtu mmoja. Kitu kinachokula watu kimelelewa nyumbani, kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Mwanafunzi aliyeielewa hadithi hii hatoki nje akitafuta paka wa kumpiga mawe. Anatoka akiuliza ni nani anayemlisha paka.

Tuangalie vilevile sehemu ya pili. Mtoto mdogo wa Sultani anakwenda kuwinda nunda, akirudi kila mara na mnyama mwingine, kuanzia mbwa hadi ndovu, na kila mara mama yake anamwambia kwamba siye. Sehemu hii huchekesha. Fanani anayejua kazi yake huimba, na hadhira humwitikia. Kicheko hicho hakiiharibu hofu. Kinawapa wasikilizaji nafasi ya kupumua kabla ya nunda mwenyewe kuonekana, na kinawafundisha jambo lingine: kabla ya kumwua dubwana, mwulize anayemjua. Kijana anaua wengi wasiokuwa na hatia kwa sababu tu hajui sura ya anayemtafuta. Anapopewa alama za nunda, za masikio yake, mapana yake na mkia wake, ndipo anapompata.

Usiku wa Pennsylvania

Tuchukue sasa mfano wa mbali. Night of the Living Dead ni filamu ya George A. Romero, iliyopigwa Pennsylvania, Marekani, kwa fedha kidogo na kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, ikaanza kuonyeshwa Oktoba 1968. Maiti wanafufuka na kula watu walio hai. Watu saba wanajikuta ndani ya nyumba moja ya shambani, na usiku mzima wanagombana kama wakae juu, ambako wanaweza kukimbia, au wajifungie chini, katika chumba cha ardhini chenye mlango mmoja.

Mhusika mkuu, Ben, ni mtu mweusi, na aliigizwa na Duane Jones. Ndiye mwenye akili tulivu kuliko wote. Anaziba madirisha, anapanga njia ya kutoroka, anapigana mpaka mwisho. Wenzake wote wanaangamia, naye peke yake anasalimika. Asubuhi kundi la raia wenye bunduki, wakiongozwa na mkuu wa polisi wa wilaya, linapita likiwapiga risasi maiti wanaotembea. Ben anasikia sauti za watu, anakaribia dirisha kutazama, nao wanamdhania kuwa ni mmoja wa maiti. Wanampiga risasi ya kichwa. Kisha tunaona picha zisizosogea: anaburutwa kwa kulabu na kutupwa katika moto pamoja na maiti wengine.

Filamu hiyo ilikuwa imekwisha kupigwa kabla ya Martin Luther King kuuawa Aprili 1968, lakini ilipotoka watazamaji wengi hawakuweza kuutenga mwisho wake na mambo waliyokuwa wakiyaona nchini mwao. Kwetu sisi la muhimu ni muundo. Kwa dakika tisini tumefundishwa kuwaogopa maiti. Katika dakika tano za mwisho tunalazimika kuwaogopa watu wazima wenye afya, wanaotania huku wakiua, na ambao wana hakika kwamba wanafanya kazi njema. Hofu imegeuzwa mkono. Mtazamaji aliyekuwa akishangilia kila maiti anapoanguka anajikuta amesimama upande wa waliomwua Ben.

Inafaa walimu wa lugha wakumbuke kwamba hata neno zombi halimo katika filamu hiyo. Zombi wa Haiti, kama anavyosimuliwa huko, si mla watu. Ni mtu aliyeibiwa utashi wake akafanywa mtumwa. Huyo anafanana zaidi na msukule au ndondocha wa masimulizi ya Tanzania: mtu anayedhaniwa amekufa, kumbe amefichwa, amekatwa ulimi, analishwa pumba na kulimishwa shamba la mwingine usiku. Mtu akiuliza kwa nini kisa cha msukule kinatisha, jibu halimo katika karaha. Limo katika ule ulimi uliokatwa. Kinachotisha ni kufanya kazi bila ya ujira na bila ya kinywa cha kulalamikia.

Hadithi isiyo na mwisho

Sasa tufike mahali penye maumivu. Neno mumiani lina asili ya Kiajemi, na hapo awali lilitaja dawa nyeusi kama lami. Pwani likaja kuhusishwa na damu ya watu, kisha likahama kutoka dawa hadi kwa mtu anayedhaniwa kuitafuta damu hiyo. Bara, hofu hiyo hiyo ilipewa majina mengine: chinjachinja, na hasa wazimamoto, neno la Kiswahili lililofika mpaka Kampala likatamkwa bazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliyafuatilia masimulizi hayo katika kitabu chake Speaking with Vampires, kilichotoka mwaka 2000. Hakushughulika na swali la kama ni kweli au uongo. Aliuliza yanatuambia nini kuhusu maisha ya wakati wa ukoloni: magari yasiyojulikana yanakwenda wapi, hospitali zinazochukua damu bila ya maelezo, kazi za mshahara zinazofanywa usiku kwa siri. Kwa jicho hilo, mumiani ni ndugu wa nunda. Ni maelezo ya watu wasio na mamlaka kuhusu wale wenye mamlaka.

Hata hivyo kuna tofauti, na tofauti hiyo inaua. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa na kuchomwa moto na watu waliowadhania kuwa wanyonya damu. Mwaka uliofuata, 2017, uvumi wa aina hiyo ulizuka kusini mwa Malawi. Makundi yenye hasira yaliua watu kadhaa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Waliouawa Iringa Mvumi walikuwa wamefika kuchukua sampuli za udongo. Mtu akiisoma habari hiyo baada ya kuitazama filamu ya Romero, hawezi kuacha kumkumbuka Ben pale dirishani.

Kwa nini nunda haui mtu, na mumiani anaua? Jibu letu linatoka katika somo la fasihi simulizi, nalo ni jepesi kulitaja ingawa uzito wake ni mkubwa. Hadithi ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Fanani husema paukwa, hadhira huitikia pakawa, na mwishoni hutamka wazi kwamba hadithi imeishia hapo. Fomula hizo, ambazo wanafunzi wetu huzikariri kwa ajili ya mtihani kama sifa ya tano au ya sita ya ngano, ndizo kuta za nyumba ambamo hofu inaruhusiwa kucheza. Uvumi hauna kuta hizo. Hauna fanani, kwa kuwa msimulizi wake ni wanasema. Hauna wakati, kwa kuwa siku zote umetokea juzi, kijiji cha pili. Zaidi ya yote hauna mwisho, na kwa hiyo anayeusikia huachiwa kazi ya kuumalizia kwa mikono yake.

Filamu zetu na kikongwe mwenye macho mekundu

Kwa kipimo hicho tunaweza kuzihakiki filamu za kutisha za eneo letu bila ya kuzidharau. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, watengenezaji wa Dar es Salaam, Mussa Banzi akiwa miongoni mwa waliotangulia kwa filamu kama Nsyuka na Shumileta, walionyesha kwamba majini na mizuka yetu inaweza kusimama kwenye kioo bila ya kuazima jumba la Dracula. Hilo ni jambo la kupongezwa. Waliitambua hadhira yao na wakaipa kitisho kinachozungumza lugha yake.

Lakini katika nyingi ya filamu za aina hii umo udhaifu ambao hatuwezi kuunyamazia. Balaa likiingia katika nyumba ya matajiri, mwenye makosa ni kikongwe wa kijijini. Ana macho mekundu, anaishi peke yake, anacheka ovyo. Akishapatikana na kuangamizwa, nyumba inatulia, na mtazamaji harudi kuuliza mali ya nyumba ile ilipatikanaje. Katika baadhi ya mikoa ya Tanzania, hasa Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya miaka mingi ya moshi wa jikoni, yamehesabiwa kuwa ushahidi. Filamu inayoirudia alama hiyo bila ya kuihoji imevunja ukuta kwa mkono wake yenyewe. Mtazamaji anatoka ukumbini akiwa na alama za kumtafutia nunda, na alama hizo ni za bibi wa jirani.

Kwamba njia nyingine ipo, waandishi wetu walikwisha kuonyesha. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anatumia hofu ya mahali pa mizimu kumvuta msomaji, kisha Bwana Msa anatembea humo na kiko chake mpaka tunaona kwamba aliyeua ni mtu mwenye sababu za kibinadamu. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), anafanya kinyume: mzuka ni mzuka kweli, wala haufafanuliwi, lakini amekuja kumwandama mjukuu wake, mtu wa serikali aliyeneemeka, na kumzungusha ili ayaone aliyokataa kuyaona. Mmoja anaiondoa hofu kwa uchunguzi, mwingine anaiacha ibaki. Wote wawili hawamtupii lawama mnyonge.

Nafasi ya mwalimu

Hapa Kampala tuna shule ambayo hatujaitumia ipasavyo, nayo ni vibanda vya video. Humo mfasiri, maarufu kwa jina la VJ, huisimulia filamu ya kigeni kwa Kiganda papo hapo. Huwapa wahusika majina ya mtaani, humwonya msichana asifungue mlango, humcheka jambazi anayekimbia. Baadhi ya watu huona kwamba kelele hizo zinaiharibu filamu. Sisi tunaona kwamba VJ amemrudisha fanani. Ameirudishia filamu ule mlango wa kutokea, kwa kuwa sauti yake inaikumbusha hadhira wakati wote kwamba hii ni hadithi na kwamba kuna mtu anayeisimulia.

Tunawapendekezea walimu zoezi moja rahisi. Wape wanafunzi uvumi mmoja wa kutisha unaozunguka mtaani au kwenye simu zao, kisha watake waugeuze kuwa ngano kamili: yenye fomula ya ufunguzi, msimulizi anayejulikana, mahali, msuko na mwisho. Watakutana na ugumu mapema sana. Watalazimika kuamua nani aliliona tukio, balaa lilianza lini, nani alinufaika nalo, na kwa nini wenye uwezo hawakulizuia. Uvumi mwingi hauwezi kuyavumilia maswali hayo, na mwanafunzi atauona ukipasuka mikononi mwake. Ule utakaovumilia utakuwa umekuwa fasihi. Mwishoni watake wamtaje dubwana kwa alama zake, kama mama wa kijana yule alivyofanya, na wahakikishe kwamba alama hizo hazimwelekei mtu yeyote wa mtaa wao.

Wanafunzi wataendelea kupenda kutishwa, nasi tusiwazuie. Anayeogopa pamoja na wenzake katika chumba kimoja, akijua kwamba hadithi ina mwisho, anajizoeza kuitazama hofu bila ya kuokota jiwe. Zoezi hilo ni la thamani, na somo la Kiswahili lina zana zote za kuliendesha.